Hii Matanga Haina Kilio: Vile Unafunga Tanga la Boti ya Rimoti Ndio Irudi Ufuoni

Ukiambia msee wa Embu ama Meru uko na matanga wikendi, swali la kwanza ni nani ameaga, la pili ni mnachanga ngapi. Enda Lamu na neno lilo hilo uone. Huko tanga ni kile kitambaa kinachopeleka jahazi, na matanga ni mingi yake. Leo tunaongea hiyo ya Lamu, lakini kwa boti ndogo ya rimoti, ile unaeza beba kwapani ukiingia mat ya Mbeere.

Usiniulize watu wa mlimani na boti ni wapi na wapi. Cheki Mto Tana: Kindaruma ilikamilika 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988, na katikati hapo wakajenga Kamburu na Gitaru. Mabwawa matano ya umeme, na yote upande mmoja ni Embu. Wasee wa Meru nao wako na vidimbwi vya shamba, vile vya kutandikwa nailoni nyeusi. Maji iko.

Ngori ni hii: Kamburu na Masinga zimepakana na hifadhi ya Mwea, na ndani ya hiyo maji kuna viboko na mamba. Boti yako ikikwama katikati, hakuna kuogelea kuifuata. Hakuna. So kila kamba unafunga hapa iko na kazi moja: boti irudi yenyewe.

Boti haina injini

Rimoti inafanya vitu mbili tu. Chaneli moja inageuza usukani. Ya pili inazungusha sevo, ka-mota kadogo ndani ya boti, ambako kanavuta ama kuachilia kamba za matanga. Zingine zote ni upepo.

Na hapo ndio wengi hupotelea. Wanadhani tanga ni ukuta wa kusukumwa, so wanalikaza kama ngozi ya ngoma. Maze, tanga bapa ni uzito wa bure. Tanga linataka kitumbo, kama bawa la ndege. Upepo ukipita kwa huo mviringo, unavuta boti mbele hata kama unatoka mbele kimshazari. Boti haiezi enda upepo uso kwa uso. Inaenda zigizaga, karibu digrii 45 kila upande. Mabaharia wa Pwani huita hiyo kubisha.

Anza na mlingoti

Boti ya kuanzia ya sentimita 65 hivi inatosha. Paipu nyepesi ya alumini, kama ya ile eriol mzee inaoza juu ya mabati tangu TV za analogi zizimwe 2015, inaeza kuwa mlingoti. Ushikilie na kamba nne: moja mbele, moja nyuma, mbili pembeni. Simama nyuma ya boti, funga jicho moja. Mlingoti ukiinama kulia ama kushoto, boti itakuwa na upande inapenda, na hutaitawala. Tumia uzi wa nta wa fundi viatu. Uzi wa kuvutika kama mpira achana nao.

Kata tanga, acha kitumbo

Nailoni ya mwavuli mzee inafanya kazi poa. Kata pembetatu mbili: tanga kubwa la nyuma na dogo la mbele. Kila moja inapata kijiti cha kushikilia chini. Ukifunga chini, usivute. Kama upana wa tanga ni sentimita 20, kitumbo kiwe kama sentimita 2. Moja kwa kumi, hiyo ndio rada.

Tanga kubwa lifunge kwa mlingoti na vipete vya uzi vilivyolegea, ndio ligeuke kulia na kushoto bila kugwara. Kijiti cha tanga la mbele nacho kining'inie kutoka kwa dek na uzi mmoja, robo ya urefu wake kutoka mbele. Hapo kitajigeuza kirahisi.

Alafu funga kakamba kafupi kutoka chini ya mlingoti hadi kwa kijiti cha tanga kubwa. Kazi yake ni kuzuia kijiti kisipande juu. Ukikaza sana, tanga linajifunga. Ukilegeza sana, juu kote kunapepea na nguvu inapotea. Unataka juu kufunguke kidogo tu kushinda chini.

Kamba mbili, sevo moja

Kamba ya kuvuta tanga, Waswahili wa Pwani huiita demani. Zako ziko mbili na zote zinaenda kwa sevo moja. Siri ni vipimo: kama demani ya tanga kubwa imefungwa sentimita 15 kutoka kwa mlingoti, ile ya mbele ifungwe sentimita 15 kutoka pale kijiti chake kinageukia. Hivyo zitafunguka sawa. Ukivuta zote mwisho, kijiti cha nyuma kikae karibu katikati ya boti, cha mbele kikae nje kidogo. Ukiachilia zote, vijiti vifunguke karibu vikae msalaba na boti.

Upepo ukikasirika

Wale wa mashindano ya kimataifa, klasi ya International One Metre, boti yao haizidi mita moja na haishuki kilo 4, na inaruhusiwa seti tatu za matanga: A, B na C. Upepo ukizidi, wanaweka seti ndogo. Iga hiyo. Mchana jua likiwaka Mbeere na upepo uamke, tanga kubwa litalaza boti. Na uzito wa risasi chini ya boti usiuonee uchoyo. Kwa hizo za kilo 4, zaidi ya nusu ya uzito iko huko chini.

Jaribu kwa kidimbwi kwanza

Boti ikienda kimshazari, toa kidole kwa usukani. Inafaa igeuke polepole iangalie upepo, ipunguze mwendo, matanga yapepee. Hiyo ndio breki yako siku rimoti itakataa. Ikigeuka ikimbie na upepo, inamisha mlingoti nyuma kidogo ujaribu tena.

Siku ya bwawa, uliza wenyeji wapi panaruhusiwa na wapi mamba huota jua, na usikaribie ukingo sana. Simama mahali upepo unakupiga usoni. Hivyo hata betri ikifa, upepo huohuo unakuletea boti yako mguuni. Ukisimama na upepo mgongoni, hiyo boti umepea mamba, na hapo ndio watu wa Embu watauliza matanga ni lini.