Kifaa cha Kutafuta Samaki: Usilipie Kioo Kikubwa, Lipia Kitakachorudisha Hela

Wavuvi na wenye mitumbwi ya injini, leo ni zamu yenu. 🐟

Petroli ndiyo inayokula faida. Unazunguka ziwani saa mbili unatafuta pa kutega, unarudi na ndoo mbili. Ndiyo maana wengi sasa wanaulizia hivi vifaa vya kuonyesha samaki. Sawa, lakini kabla hujatoa laki zako, pitia haya:

1️⃣ Unavua nini?
Kama ni dagaa wa taa usiku, tulia kwanza. Taa ndiyo inayowaita, kifaa kitakusaidia kidogo tu. Anayefaidi zaidi ni wa sangara, wa nyavu na ndoano, anayehitaji kujua kina, miamba na samaki walipo.

2️⃣ Usilipie kina usichokihitaji
Ziwa Victoria mwisho wake ni kama mita 80. Kifaa kidogo cha kawaida kinafika. Tanganyika ni refu, linapita mita 1,400, ila samaki wako tabaka la juu, kwenye mita 100 hadi 200 hivi. Chini ya hapo hakuna oksijeni. Muuzaji akikusifia "hiki kinafika mita 700", mwambie asante.

3️⃣ Jua kinavyoona
Kinapiga sauti kwenda chini kama mwanga wa tochi. Chenye upana wa nyuzi 20, kwenye maji ya mita 30 kinaona duara la kama mita 10 tu. Hakioni pembeni, wala hakikwambii huyu sangara, huyu sato. Na zile picha za visamaki kwenye kioo zinaweza kuwa majani au gogo.

4️⃣ GPS kwanza, kioo baadaye
Hela ikibana, chukua kioo kidogo chenye GPS. Unaweka alama ulipotega, alfajiri unaenda moja kwa moja. Siku ya ukungu hutangitangi kutafuta boya. Hapo ndipo petroli inapookolewa kweli.

5️⃣ Umeme na ufungaji
Vidogo vingi vinatumia volti 12 na hula chini ya nusu ampea. Betri ya ampea-saa 7 inatosha usiku mzima. Usitoboe mtumbwi! Kile kipande kinachokaa majini kifunge kwenye mti pembeni, mbali na mapovu ya pangaboi.

6️⃣ Cha mtumba
Kuwaka dukani si kupona. Kijaribu majini, sehemu ambayo kina chake unakijua. Waya ukiwa umeungwa kwa gundi ya karatasi, achana nacho.

💰 Hesabu sasa
Tuseme kifaa ni 450,000, na kila safari kinakuokolea lita 2 kwa 3,000. Hiyo ni 6,000. Utairudisha hela kwa safari 75. Ukitoka mara 20 kwa mwezi, ni karibu miezi minne. Ukitoka mara 5, ni mwaka na robo. Huyo wa mara 5 bora hela aiweke kwenye nyavu kwanza, au achangie kifaa na mwenzake.

Wiki hii andika lita unazochoma kila safari. Daftari hilo ndilo litakalokwambia ununue au usubiri.

Mtumie mvuvi mwenzako aone. 🙏