Magugu ya Nungwi na Mafuta ya Makonyo

Mvua za masika zinyeshapo, kitu cha kwanza kuota katika makonde ya Nungwi si tungule wala bamia, bali ni magugu. Mkulima aliyekaa siku 10 bila ya kushika jembe hukuta ndago, ukoka na kishona nguo vimekwisha kulitwaa tuta lake. Nayo mboga hushinda au hushindwa katika majuma yake ya mwanzo, kama 4 hadi 6. Magugu yakiikuta ingali changa, huinyang'anya maji, mbolea na mwanga, na hasara hiyo hailipiki hata palizi ikija baadaye.

Jambo hili si dogo kwa kisiwa chetu. Nungwi ya leo si ya wavuvi na mafundi wa majahazi peke yao. Ni mji wa mahoteli, na mahoteli yanataka mboga kila siku. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mboga hizo huvuka bahari kutoka Bara. Mwenye konde hapa Kaskazini angeweza kuiuza yake mlangoni pa hoteli, lakini palizi humrudisha nyuma. Ni kazi ya mikono, na mikono hiyo aghalabu ni ya akina mama. Haishangazi, basi, kuwaona wengine wakivutwa na chupa ya dawa ya magugu kutoka dukani. Hatuwalaumu. Mtu aliyeinama tangu alfajiri hahitaji mahubiri, anahitaji msaada.

Lakini yafaa ikumbukwe tunaishi juu ya ardhi ya namna gani. Nungwi ni nchi ya maweni. Udongo ni haba, umejikusanya katika vishimo baina ya mawe, na chini yake ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Kinachomwagwa juu hakicheleweshwi na udongo mzito. Hushuka upesi na mvua. Na maji tunayokunywa Unguja, kwa sehemu kubwa, hutoka huko huko chini. Mwaka 2015, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifosati, dawa ya magugu inayotumika mno ulimwenguni, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Wako wakaguzi wa nchi nyingine wasiokubaliana na hukumu hiyo. Sisi twasema hivi tu: mwenye kisima chini ya konde lake ana haki ya kutahadhari kuliko mwingine.

Je, iko njia nyingine? Iko, na wazee wetu waliiona kabla ya wataalamu. Nani asiyejua kwamba chini ya mvinje majani hayastawi? Baadhi ya mimea hujilinda kwa kuwazuia majirani zake. Mwaka 1977, huko California, mtaalamu mmoja aligundua kwamba chini ya mti fulani wa mapambo palikuwa patupu. Uchunguzi ulionyesha kuwa mti huo una kiini kinachodhuru magugu, na kutokana na elimu hiyo viwanda vikatengeneza dawa ya mesotrioni, iliyoingia sokoni mwaka 2001.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, kwani Pemba kuna karafuu. Makonyo yake hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Shirika la ZSTC kilichopo Wawi, Chake Chake. Zaidi ya 80 kwa mia ya mafuta hayo ni yujenoli. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya mtafiti wa serikali ya Marekani, Thomas Tworkoski, aliyepima mafuta 25 ya mimea. Ya karafuu na ya mdalasini yalikuwa miongoni mwa makali zaidi. Yalipochanganywa kwa kiasi cha 5 hadi 10 kwa mia na kunyunyizwa, machipukizi ya magugu yalikufa baina ya saa 1 na siku 1.

Hata hivyo, tusiwadanganye wasomaji wetu. Kwanza, dawa hii haichagui. Huunguza tungule kama inavyounguza kishona nguo. Mahali pake ni kabla ya kupanda: tuta litengenezwe, limwagiwe maji, magugu yaachwe yaote, yapigwe dawa yakiwa machanga siku ya jua isiyo na upepo, kisha miche itolewe kitaluni na kupandikizwa. Pili, ni ghali. Bomba la mgongoni la lita 15 lahitaji robo tatu ya lita hadi lita moja na nusu ya mafuta, pamoja na sabuni kidogo ili yachanganyike na maji. Tatu, huunguza majani tu. Ndago ina viazi vyake chini ya ardhi, na itachipua tena. Nne, kitu cha asili si lazima kiwe salama. Mafuta haya huwasha macho na ngozi, na hulevya samaki, hata wataalamu huyatumia kuwatia usingizi. Bomba lisioshwe ufukweni.

Kwa hiyo, mafuta ya makonyo ni msaidizi, si mkombozi. Wenzake ni matandazo ya majani makavu ya migomba, pamoja na kunde na viazi vitamu vinavyotandaa na kuifunika ardhi. Ndago haipendi kivuli. Konde lililofunikwa na viazi msimu mmoja huwa jepesi kulipalilia msimu unaofuata. Ama chumvi na maji ya bahari, ambayo wengine huyamwaga juu ya magugu, hayo tunayakataza kabisa. Huua magugu leo na udongo kesho.

Tunaiomba Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iliyopo Kizimbani iyajaribu mafuta haya katika ardhi ya maweni, si katika udongo mzuri wa magharibi peke yake, na ipime pia kinachoshuka visimani. Shirika la ZSTC nalo litazame kama linaweza kuwatengea wakulima wa mboga kiasi kidogo kwa bei wanayoimudu. Wizara ya Kilimo ihakikishe kwamba kila dawa ya magugu inayouzwa visiwani, ya kiwandani au ya mimea, ina maelezo ya Kiswahili. Na mabwana na mabibi shamba wayafikishe haya kondeni, wasingoje kuulizwa ofisini.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walisema kweli, kwa kumkemea mvivu. Lakini anayeuliza dawa yake itaishia wapi si mvivu. Huyo anakumbuka kwamba chini ya jembe lake mna maji ya kunywa ya wanawe, na sisi tunaungana naye.