Pragmatizimu: Nani Apime Matunda ya Imani?

Mwezi Januari 1878, jarida la Popular Science Monthly la New York lilichapisha makala ya Charles Sanders Peirce, mwanasayansi aliyeajiriwa na idara ya serikali ya Marekani ya upimaji wa pwani. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima nguvu ya uvutano wa dunia kwa timazi zinazobembea, na mazoea ya vipimo aliyahamishia kwenye falsafa. Aliuliza: nitajuaje kwamba wazo nililo nalo kichwani lina maana yoyote? Akajibu kuwa maana ya wazo imo katika matokeo yake. Ukisema jiwe hili ni gumu, unachosema hasa ni kwamba ukilijaribu, vitu vingi havitaweza kulikwaruza. Ukishaorodhesha yote yatakayotokea katika majaribio ya namna hiyo, umemaliza maana ya ugumu. Hakuna siri nyingine iliyobaki ndani ya jiwe.

Peirce hakuishia kwenye mawe. Katika makala hiyohiyo aliugusa mgogoro wa Wakatoliki na Waprotestanti kuhusu mkate na divai ya Ekaristi. Kama pande zote mbili zinakubaliana juu ya kila athari inayoweza kuhisiwa, alisema, leo na hata huko baadaye, basi ni upuuzi kudhani kwamba zinatofautiana. Kwa hiyo pragmatizimu, falsafa iliyozaliwa na makala hiyo, iligusa dini tangu utotoni mwake. Lakini Mkatoliki anayepiga goti mbele ya tabenakulo hawezi kuridhika na jibu hilo, na nadhani ana haki. Kwake tofauti ipo, na inaonekana: katika goti lenyewe, katika mfungo kabla ya kukomunika, katika kitubio cha jana yake. Peirce aliyatafuta matokeo ndani ya mkate. Angeyatafuta pia ndani ya maisha ya anayeula.

Huko ndiko falsafa hii ilikoelekea baadaye, na ndiko ilikopata nguvu zake na hatari zake. Siku hizi mwanasiasa akiwakumbatia wale aliowatukana jana, wachambuzi husema ameamua kuwa mpragmatizimu, kana kwamba falsafa hii ni ruhusa ya kufanya lolote mradi lifanikiwe. Waanzilishi wake walikuwa wakali kuliko hivyo. Walidai kila imani, ya kanisani au ya bungeni, itoe hesabu ya inachokifanya duniani. Swali gumu, ambalo wao wenyewe hawakulijibu kwa sauti moja, ni hili: matokeo kwa nani, na nani mwenye haki ya kuyatolea hukumu?

Kizazi chao kilikuwa na sababu ya kuogopa watu wenye uhakika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliua zaidi ya watu 600,000. Oliver Wendell Holmes, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikutana na Peirce katika kikundi cha majadiliano huko Cambridge, Massachusetts, alijeruhiwa vitani mara tatu, na baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu kwa karibu miaka 30. Mwaka 1919 aliandika hukumu ya kupinga uamuzi wa majaji wenzake waliothibitisha vifungo vya watu waliosambaza vipeperushi. Hoja yake ilikuwa kwamba zama zimeshapindua imani nyingi zilizopiganiwa, na kwamba katiba yenyewe ni jaribio, kama maisha yote yalivyo jaribio.

Mwenzao mwingine katika kikundi hicho alikuwa William James, na ndiye aliyeipeleka falsafa hii kwa umma. James alisomea udaktari Harvard akahitimu 1869, lakini hakuwahi kutibu watu. Mwaka 1870 alikuwa amezama katika huzuni nzito, akijiona hana uwezo wa kutenda lolote kwa hiari. Alipomsoma Mfaransa Charles Renouvier aliamua kwamba tendo lake la kwanza la hiari litakuwa kuamini kuwa hiari ipo. Akaamini, akainuka, akafanya kazi miaka 40 mingine. Ukiyajua hayo, unaelewa kwa nini alikasirishwa na Mwingereza William Clifford, aliyefundisha mwaka 1877 kuwa ni kosa, daima na kwa kila mtu, kuamini jambo bila ushahidi wa kutosha.

James alimjibu katika hotuba ya 1896. Kuna maamuzi, alisema, ambayo ushahidi hauwezi kuyamaliza na bado hayakwepeki. Ikiwa jambo ni hai moyoni mwako, ikiwa halina njia ya tatu, na ikiwa uzito wake ni wa maisha, basi kungoja nako ni kuchagua. Asiyeamua kama Mungu yupo anaishi leo kama mtu aliyeamua kwamba hayupo. Kwa hali hiyo mtu ana haki ya kuamini na kubeba gharama ya imani yake.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini tumrudie Clifford. Mfano wake ulikuwa wa mwenye meli anayejua chombo chake kimechakaa. Anazizima shaka zake kwa maneno matamu, anajiaminisha kwamba Mungu atawalinda abiria, familia za wahamiaji wanaokwenda kutafuta maisha mapya. Meli inazama. Yeye anachukua fidia ya bima. Imani yake ilikuwa ya dhati, na hilo halimpunguzii hatia. Ninavyoona mimi, James na Clifford wote walikuwa sahihi, kila mmoja kwenye eneo lake. Nikiamini kwa hatari ya nafsi yangu, James ananitetea. Abiria wakiwa ni watoto wa wenzangu, Clifford anayo haki ya kunidai ushahidi. Waumini na watawala wengi walioteleza waliomba uhuru aliouomba James wakiwa wamekaa kwenye kiti cha mwenye meli.

Mihadhara aliyoitoa James Edinburgh mwaka 1901 na 1902 ilizaa kitabu chake kikubwa kuhusu aina za uzoefu wa kidini. Humo alikusanya shuhuda za watakatifu, walevi waliookoka, watawa na watu waliosikia sauti, akakataa kuwapuuza kwa kuwa tu miili yao ilikuwa dhaifu au akili zao zilikuwa na misukosuko. Chanzo cha imani hakiihukumu imani. Alitumia kipimo cha Injili, mti na matunda yake: je, uzoefu huo una nuru ya ndani, unaafikiana na mengine tunayoyajua, na unamfanya mtu awe bora kimaadili? Ni kitabu chenye huruma, ingawa huwasikiliza zaidi waumini walio peke yao. Jamaa wa mtakatifu, aliyelazimika kulisha watoto wakati yeye yuko katika sala, hasikiki sana.

Mwaka 1907 alichapisha kitabu chenye jina la falsafa yenyewe, akisema kwamba wazo ni la kweli kwa kadiri linavyotufaa katika kuishi. Wapinzani wakamrukia. Bertrand Russell alisema ni rahisi zaidi kuchunguza kama Mapapa hawakukosea kamwe kuliko kukadiria kama imani hiyo, kwa jumla, imeleta mema duniani. Pigo hilo lilifika. James alijitetea kuwa imani lazima ikae pamoja na ukweli mwingine na ivumilie kupimwa na matukio, ila lugha yake ilikuwa imeshaacha mlango wazi. Peirce mwenyewe alikuwa ameubadilisha jina mfumo wake mwaka 1905, akitaka jina baya kiasi kwamba hakuna atakayetamani kuliteka. Kwa Peirce ukweli ni mahali ambapo jumuiya ya watafiti ingefika kama ingechunguza muda mrefu wa kutosha. Haukuwa kamwe faida ya mtu mmoja.

Katika siasa, James alikuwa thabiti. Marekani ilipoanza kupigana na Wafilipino mwaka 1899, aliandika barua kali katika magazeti ya Boston. Shutuma yake ilikuwa ya kipragmatizimu kwelikweli: maneno makubwa ya ustaarabu yalikuwa yanatumika kuwaponda watu ambao hakuna aliyejishughulisha kujua wanataka nini.

Mwanafalsafa John Dewey ndiye aliyelifanya swali hilo kuwa msingi wa demokrasia. Alifika Chicago mwaka 1894, mji ukiwa katika mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli, akawa karibu na Jane Addams na nyumba yake ya Hull House, ambako wahamiaji na wasomi waliishi ujirani mmoja. Miaka ya 1920 mwandishi Walter Lippmann alidai kuwa mambo ya dunia yamekuwa magumu mno kwa raia wa kawaida, kwa hiyo waachiwe wataalamu. Dewey alijibu katika kitabu cha 1927 kwa mfano wa kiatu: fundi ndiye ajuaye namna ya kukitengeneza, lakini anayekivaa ndiye ajuaye kinapobana. Wataalamu wanaojitenga na wavaaji wa viatu hugeuka tabaka lenye maslahi yake, na elimu yao kuhusu jamii hukauka.

Ni mfano ninaoupenda, lakini Dewey mwenyewe alikuwa ameshakwenda kinyume na somo lake mara moja, na mara hiyo iligharimu. Mwaka 1917 aliunga mkono Marekani kuingia katika Vita Kuu akitumaini kwamba vita vingeweza kuongozwa kwa akili hadi kuzaa amani ya kidemokrasia. Randolph Bourne, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake Columbia, aliandika kwa uchungu kwamba falsafa hii ilikuwa imezalisha vijana hodari wa mbinu wasiojiuliza wanatumikia nini. Vita vina nguvu zao, na havingojei mwalimu aviongoze. Bourne alifariki kwa homa ya mafua Desemba 1918, akiwa na miaka 32. Dewey baadaye aliingia katika harakati za kutaka vita vipigwe marufuku kisheria.

Jibu kamili zaidi la swali la matokeo kwa nani lilitoka kwa mwanafunzi mwingine wa Columbia. Bhimrao Ambedkar alizaliwa India mwaka 1891 katika jamii ya Wamahar, miongoni mwa watu walioitwa wasioguswa. Shuleni hakuruhusiwa kugusa chombo cha maji. Mwaka 1913, kwa ufadhili wa mtawala wa Baroda, alikwenda New York kusoma uchumi, na huko akahudhuria masomo ya Dewey. Alisema baadaye kwamba kwa maisha yake yote ya kifikra alikuwa na deni kwa mwalimu huyo.

Tazama alivyolifanyia kazi somo. Katika mji wa Mahad, halmashauri ilikuwa imeamua mwaka 1924 kwamba bwawa la umma liwe wazi kwa wote. Hakuna mtu wa kasti za chini aliyethubutu kulikaribia. Kwa kipimo cha Peirce, haki hiyo haikuwa na maana yoyote, kwa sababu hakuna kilichobadilika. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya watu hadi bwawani, wakanywa maji. Walishambuliwa kwa marungu, na wa kasti za juu wakalitakasa bwawa kwa ibada. Kesi iliyofuata mahakamani ilisogea hadi 1937, Mahakama Kuu ya Bombay ilipoamua upande wake.

Mwaka 1936 alitarajiwa kuhutubia Lahore kwa mwaliko wa Wahindu waliotaka kuufuta mfumo wa kasti. Waliposoma hotuba yake mapema waliogopa, wakataka aipunguze. Alikataa, mkutano ukafutwa, naye akaichapisha kwa gharama zake. Humo anamtaja Dewey kwa jina, na anatofautisha dini ya kanuni, inayomwachia mtu nafasi ya kuwajibika, na dini ya amri, inayomtaka atii tu. Gandhi alimjibu kwamba dini ipimwe kwa wafuasi wake bora, isipimwe kwa walio wabaya. Ambedkar aliuliza: kwa nini basi walio bora ni wachache namna hii, na wabaya ni wengi? Hapo ndipo mjadala wote ulipo. Gandhi aliyachagua matunda ya juu mtini. Ambedkar alitaka hesabu ya yanayowaangukia walio chini.

Alipoongoza kamati ya kuandika Katiba ya India, ibara ya 17 ilifuta rasmi utengaji wa wasioguswa. Hata hivyo tarehe 25 Novemba 1949, akilihutubia bunge la katiba, hakushangilia. Alionya kwamba nchi ilikuwa inaingia katika maisha ya ukinzani, ambamo kila mtu atakuwa na kura moja yenye thamani moja, na bado katika jamii na uchumi watu watabaki hawalingani. Hapa Dewey anasikika waziwazi: demokrasia ni namna ya kuishi pamoja kabla haijawa namna ya kutawala.

Ilibaki dini. Ambedkar angeweza kuiacha kabisa, kama walivyofanya wanasiasa wengi wa mrengo wa kushoto wa enzi yake, lakini aliona watu hawawezi kuishi bila kitu kinachowaunganisha kimaadili. Alisoma na kulinganisha kwa miaka 20. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia katika Ubudha, kisha akawaongoza mamia ya maelfu kuingia pamoja naye. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Kitabu chake kuhusu Buddha kilichotoka 1957 kiliwaudhi wasomi wengi wa Kibudha, kwa kuwa kiliyatilia shaka mafundisho ya jadi juu ya mateso na kuzaliwa upya. Ambedkar aliona kwamba mafundisho hayo yakisomwa vibaya humwambia maskini kuwa anastahili umaskini wake kwa makosa ya maisha yaliyopita.

Walalamikaji walisema ameigeuza dini kuwa chombo. Lawama hiyo ni nzito, na siwezi kuifuta kwa kusema tu kwamba nia yake ilikuwa njema. Mwenye meli naye alijiaminisha hivyo. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye imani na abiria walikuwa watu walewale. Waliokula kiapo Nagpur walikuwa wanaamua juu ya maisha yao wenyewe, mbele ya majirani ambao wangewaadhibu kwa uamuzi huo. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu Wabudha wapatao milioni 8.4, zaidi ya robo tatu yao wakiwa Maharashtra, jimbo la Mahad na Nagpur. Idadi hiyo haithibitishi kwamba Ambedkar alimsoma Buddha sawasawa. Inaonyesha kwamba miaka 55 baada ya kifo chake, watoto na wajukuu wa walioapa bado waliona dini hiyo inafaa kuandikwa mbele ya karani wa serikali kuwa ni yao.