Sarafu Moja, Deni la Nani?

Juma lililopita niliteremka kutoka nyumbani kwangu Nyali hadi soko la Kongowea kununua machungwa. Mama muuzaji aliniarifu kuwa yametoka Muheza na kwamba bei imepanda. Kosa si la mvua. Shilingi yake huibadilisha mpakani Lunga Lunga, na kila aibadilishapo humegwa kidogo, hasara ambayo hatimaye hutuangukia sisi walaji.

Marehemu baba yangu hakuijua adha hiyo. Senti yake kumi yenye tundu katikati, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ilikubaliwa Mombasa, Tanga na Kampala. Bodi hiyo ya mwaka 1919 ilikuwa chombo cha wakoloni, wala sina nia ya kuililia. Lakini tukumbuke ilivyovunjika. Mnamo Juni 1965 serikali zetu tatu zilitangaza kwamba kila moja ingeunda benki kuu yake, ili ijipangie yenyewe mikopo na matumizi. Mkataba wa Jumuiya wa 1967 ulitaka shilingi hizo tatu zibadilishwe sawa kwa sawa, na kwa muda ikawa hivyo. Kisha zikaja sheria za kudhibiti fedha, na mashirika ya pamoja, reli ikiwa mojawapo, yakazozania mapato yaliyozuiliwa katika nchi hii au ile. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, na Tanzania ikafunga mpaka. (Sisemi sarafu ndiyo iliyoiua peke yake, Mwalimu Nyerere hakutaka hata kuketi meza moja na Idi Amin.)

Jumuiya ya leo ilitia saini itifaki ya sarafu moja jijini Kampala, Novemba 2013, ikilenga mwaka 2024. Mwaka huo umepita. Sasa tunaambiwa 2031. Itifaki yataka deni la taifa lisizidi asilimia 50 ya pato, na Kenya yetu imekwisha kukivuka kikomo hicho. Je, nani atalibeba deni la mwenziwe? Ulaya iliahirisha swali hilo, na Ugiriki ilipolemewa mwaka 2010, Wajerumani na Wagiriki, wenye yuro ile ile mifukoni, wakatukanana magazetini.

Nasi tu wepesi wa kufungiana milango. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Hatari hiyo ni ya kweli, lakini amri ilitoka ghafla huku malori yakiwa njiani.

Nilimwuliza yule mama kama angependa sarafu moja. Alisema ni jambo jema, ila yeye angeanza na lori lake kutolazwa Lunga Lunga mpaka machungwa yaliyo chini ya shehena yakaanza kulainika.