Faili la Kazi Linapoharibika: Namna ya Kuliokoa na Kutunza Nakala

Mwanafunzi ameandika tasnifu yake kwa miezi minane. Jioni moja umeme unakatika wakati kompyuta ikihifadhi kazi hiyo, na anapoiwasha tena, faili linakataa kufunguka au linafunguka likiwa limejaa alama zisizosomeka. Msiba wa namna hii humpata pia mhasibu wa kikundi cha akiba, mchoraji wa ramani za nyumba na mpiga picha za harusi. Sababu kubwa ni uandishi wa faili kukatizwa katikati, ama kwa kuzimika kwa umeme, ama kwa kuchomoa flashi kabla kompyuta haijaruhusu. Wakati mwingine diski yenyewe huwa imechakaa.

Jambo la kwanza ni kutofanya haraka. Nakili faili lililoharibika kwenye chombo kingine, na majaribio yote yafanyike juu ya nakala hiyo, si juu ya faili la asili. Iwapo faili limefutwa kwa bahati mbaya, fahamu kwamba kwa kawaida halitoweki papo hapo: kompyuta huondoa tu kumbukumbu ya mahali lilipo, na yaliyomo hubaki hadi mambo mengine yaandikwe juu yake. Kwa hiyo kuweka programu ya uokozi kwenye diski ileile iliyopoteza faili ni kosa linaloweza kuzika kile kinachotafutwa. Kwa diski za kisasa za SSD matumaini ni madogo zaidi, kwa kuwa nyingi husafisha zenyewe nafasi zilizoachwa wazi.

Kwa hati za Word, dirisha la kufungulia faili lina chaguo la kufungua na kurekebisha, lililofichwa chini ya mshale mdogo kando ya kitufe cha kufungulia. Watumiaji wengi hawajawahi kuuona. Programu hiyo pia hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na muda huo unaweza kupunguzwa. Vilevile, hati za docx, zilizoanza na Word 2007, kwa hakika ni furushi la zip. Ukibadilisha jina la nakala ili liishie kwa .zip, mara nyingi utaweza kulifungua na kukuta maandishi katika faili liitwalo document.xml na picha katika folda iitwayo media. Mpangilio wa kurasa utapotea, lakini maneno ya miezi minane yatakuwepo. LibreOffice, ambayo hutolewa bure, nayo hufungua baadhi ya hati ambazo Word imezikataa.

Diski ikianza kutoa mlio wa kugongagonga, izime na uipeleke kwa fundi. Kabla ya kuiacha, mweleze kwa maandishi kwamba haruhusiwi kuifuta wala kuipangilia upya, ulizia gharama endapo hatafanikiwa, na udai stakabadhi.

Mlaji ajihadhari pia na flashi za bandia. Zipo zinazoonyesha ukubwa wa mamia ya GB ilhali uwezo wake halisi ni sehemu ndogo tu ya hapo. Hupokea mafaili bila kulalamika, kisha yale yanayozidi uwezo huo hupotea au huandikwa juu ya mengine. Unaponunua, ijaze yote, kisha ufungue mafaili hayo moja baada ya jingine, au tumia programu ya bure ya H2testw. Fanya hivyo kabla muda wa kurejesha bidhaa dukani haujapita.

Kuhusu nakala rudufu, kanuni inayofuatwa na wengi ni ya 3-2-1: nakala tatu za kazi, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba au ofisi. Hifadhi ya mtandaoni inafaa kwa hiyo ya tatu, lakini usiitegemee peke yake. Ukifuta faili kwenye kompyuta iliyounganishwa nayo, hufutwa na huko pia; Google Drive, kwa mfano, huliweka katika pipa la taka kwa siku 30 tu. Diski ya nje nayo ichomolewe baada ya kazi, kwani virusi vinavyofunga mafaili ili mwenyewe adaiwe fedha hufunga kila kilichounganishwa.

Hata kampuni kubwa zimewahi kuponea chupuchupu. Mwaka 1998, amri moja iliyotolewa kimakosa katika studio ya Pixar ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2. Nakala rudufu zilipotafutwa, zikabainika kuwa hazikuwa zikiandikwa ipasavyo. Kazi iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa na mtoto mchanga. Kwa hiyo, angalau mara moja kila mwezi, chukua faili moja au mawili kutoka katika nakala zako, uyafungue kwenye kompyuta nyingine, na uyasome hadi ukurasa wa mwisho.