Saikolojia Tiba na Lugha ya Mgonjwa
Mwanafunzi wa Bodo, Kwale, asomaye saikolojia tiba kupitia intaneti hufunzwa kwa Kiingereza, ilhali wagonjwa wa kwao husema Kiswahili cha pwani. Mfano ni PHQ-9, hojaji ya kupima sonona. Ina maswali 9 kuhusu majuma 2 yaliyopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Swali la mwisho lahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mgonjwa asiyelijua neno “sonona” hutaja “moyo mzito”, na badala ya kutaja kujiua, huenda akasema, “Heri Mungu anichukue.” Je, huo ni uchovu au ni hatari? Jumla ya alama pekee haijibu. Hivyo basi, msamiati wa mgonjwa ni sehemu ya tiba: asiyeuelewa aweza kumwacha mtu aangamie.