Alikonda kilo 39, majirani wakaanza kunong'ona

Mama ninayetaka kukusimulia habari zake leo hakuja kliniki yangu kutafuta dawa. Alikuja kutafuta barua. Alitaka niandike, nitie sahihi na kupiga mhuri, kwamba amepimwa na hana virusi vya Ukimwi, wala kifua kikuu, wala saratani. Barua hiyo alikusudia kwenda nayo katika mkutano wa chama chao cha akina mama, aisome mbele ya wenzake wote, kisha aketi.

Amenipa ruhusa nieleze kisa chake mradi nisimtaje jina wala mtaa. Alipoanza alikuwa na kilo 118, na kimo chake ni mita 1.62. Miezi 14 baadaye mizani yangu ilisoma kilo 79. Alikuwa amepungua kilo 39, ambazo ni uzani wa mtoto wa miaka 12 hivi, bila kumeza dawa ya kukondesha wala kupasuliwa. Aliacha soda. Aliacha mandazi na chapati za asubuhi pale kituoni. Ugali akaupunguza ukawa nusu, sukuma wiki na maharagwe vikaongezeka. Na kila jioni, badala ya kupanda matatu kutoka kazini, alitembea.

Magoti yaliacha kumuuma, na si ajabu. Mwaka wa 2005 watafiti wa Marekani waliowapima wagonjwa wanene wenye maradhi ya magoti waligundua kwamba kila kilo moja mtu anayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua anayopiga. Zidisha mwenyewe kilo 39 mara nne.

Makala mengi kuhusu unene huishia hapo: picha ya kabla, picha ya baada, na pongezi. Mimi nataka tuanzie hapo.

Mwanzoni watu walimsifu. Kilo 15 za kwanza zilimletea pongezi hata kanisani. Zilipofika 25 sifa zilipungua, na zilipopita 30 watu waliacha kumwuliza anafanyaje, wakaanza kumwuliza anaugua nini. Mwishowe waliacha kumwuliza yeye, wakawa wanaulizana wao kwa wao. Shemeji yake alimpigia mumewe simu kumshauri "ajue hali yake mapema". Mwenzake wa chama, ambaye wamejuana miaka mingi, alianza kumpakulia chakula katika sahani ya peke yake na kuiosha kando. Ni sahani hiyo iliyomleta kwangu.

Hebu tupige hesabu ambayo sisi madaktari huipenda. Chukua uzani wako kwa kilo, ugawe kwa kimo chako kwa mita, kisha ugawe tena kwa kimo hicho hicho. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 25, uzani wako ni wa wastani. Likifika 30, hapo ndipo tunasema unene wa kupindukia umeanza. Mama huyu alikuwa na 45. Sasa ana 30. Yaani kwa mujibu wa vitabu vyangu bado ni mnene, ilhali kwa mujibu wa majirani zake yu karibu kuzikwa!

Usiwacheke majirani. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka wa 1984, na katika miaka hiyo wenzetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo "Slim", kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Mimi nilikuwa shuleni katika miaka ya 1990. Namkumbuka mzee mmoja mtaani kwetu ambaye kila mwezi alikuwa akitoboa tundu jipya katika mshipi wake kwa msumari, na sisi watoto tulikuwa tukiyahesabu matundu yale. Aliyeona mambo kama hayo hufundishwa na macho yake kwamba kukonda ni dalili ya kifo. Hata hivyo mambo yamebadilika. Leo anayeishi na virusi na kumeza dawa zake kila siku huenda akanenepa kukushinda wewe unayemnong'onea, na dawa ya dolutegraviri, ambayo hutumika sana nchini, inajulikana kuwaongezea baadhi ya watu uzani. Mwili wa mtu, ukiutazama kwa macho tu, ni shahidi asiyeaminika.

Barua sikumwandikia. Nilimweleza kwamba akiisoma mkutanoni, huenda katika viti vile yumo mwenzake ambaye kweli anaishi na virusi, na barua ingekuwa imemhukumu huyo. Alikasirika. Aliniambia, "Daktari, wewe huli na sahani ya kando." Sikuwa na jibu la maana.

Alipokuwa akiinuka kwenda zake aliushika ukingo wa meza yangu. Nikamwuliza kuna nini. Akasema ni kizunguzungu, kitu kidogo tu, humshika kila anaposimama ghafla. Juma lililotangulia kidogo angeanguka barabarani karibu na soko. Nilimpima shinikizo la damu, au presha kama tunavyoiita. Ilikuwa 94 kwa 60. Alikuwa bado anameza vidonge viwili vya presha kila siku, vile vile alivyokuwa akimeza alipokuwa na kilo 118.

Kosa hilo lilikuwa langu, msomaji. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimpandisha kwenye mizani, nampongeza, naandika dawa zile zile, naye anaondoka. Mtu anayepungua sana hushuka presha na sukari pia, na dawa iliyokuwa ikimfaa jana yaweza kumwangusha leo. Ikiwa wewe unameza dawa za presha au kisukari, na hasa ukidungwa insulini, usianze safari ya kupunguza uzani bila daktari wako kujua, na kila baada ya kilo chache mwambie azitazame dawa upya. Usizipunguze mwenyewe. Lakini usimwache naye alale, kama nilivyolala mimi.

Kuna mengine ambayo mwili hufanya na ambayo hakuna anayekwambia mapema. Utasikia baridi. Mama huyu alikuwa akivaa sweta mbili mwezi wa Februari, Nairobi jua likiwaka, kwa sababu mafuta yaliyomfunika yameondoka na mwili wenyewe umepunguza moto wake. Kuketi juu ya ubao kutakuumiza, maana mto uliokuwa chini yako umekwisha. Pete itaanguka ukiosha vyombo. Miezi miwili au mitatu baada ya kupungua kwa kasi, nywele huanza kung'oka kwa vishungi kwenye kitana, jambo linalowatisha wengi zaidi ya yote. Kwa kawaida huota tena katika miezi sita hivi, mradi unakula vya kutosha. Na ngozi hulegea. Ngozi iliyonyooshwa kwa miaka 20 hairudi yote mahali pake. Huning'inia tumboni na mikononi, na chini ya mikunjo yake jasho huleta upele na harufu. Osha, kausha vizuri, na ukiona wekundu usiopona muone daktari. Hakuna mafuta ya kupaka yatakayoirudisha, hata muuzaji akuapie vipi. Inayozidi kabisa huondolewa kwa upasuaji, na upasuaji huo ni ghali.

Ukipungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, juma baada ya juma, unajiweka katika hatari ya vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, hasa baada ya kula mafuta, si ya kungojea. Tena si mafuta pekee yanayoondoka. Sehemu ya uzani unaopotea ni misuli, ndiyo sababu yakupasa kula mayai, ndengu, maharagwe au omena kila siku na kufanya kazi inayoutaka mwili utumie nguvu. Nanyi akina mama ambao hedhi zenu zilikuwa zimevurugika kwa sababu ya unene, jueni kwamba zaweza kurudi sawa, na mimba ikaingia wakati hamkuitazamia.

Kisha njaa. Katika mwaka wa 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Profesa Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wa kiume waliojitolea takriban nusu ya chakula walichozoea, kwa muda wa miezi sita hivi, hadi wakapoteza karibu robo ya uzani wao. Vijana hao walikuwa na afya, wala hawakuwa wanene. Walisikia baridi wakati wa joto, wakawa na hasira na huzuni, wakaota chakula usiku, na baadhi yao wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Mama huyu, ambaye alipoteza theluthi, aliniambia kwamba saa tisa za usiku huamka akifikiria viazi karai. Si ulafi. Mwili haujui kama umekosa chakula kwa sababu ya ukame au kwa sababu umeamua. Mwaka wa 2011 watafiti wa Australia walionyesha kwamba homoni za njaa zilikuwa bado juu mwaka mzima baada ya watu kupungua. Na mwaka wa 2016 Kevin Hall na wenzake wa Marekani walieleza habari za watu 14 walioshiriki shindano la runinga la kupunguza unene: miaka sita baadaye miili yao ilikuwa ikichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzani wao, na wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zile. Kwa hiyo ukimwona mtu amenenepa tena, usimwambie hana msimamo.

Moyoni je? Hapa vitabu vyangu vya chuo havikunisaidia, nilijifunza kwa kusikiliza. Mama huyu hupita mbele ya duka lenye vioo akashtuka kumwona mwanamke asiyemjua akimtazama. Kwenye matatu bado hujipinda kupita kati ya viti, ingawa nafasi ipo tele. Alifurahi kuambiwa "siku hizi unakaa vizuri", kisha akalala akijiuliza hapo awali walikuwa wakimwonaje. Dada yake, mnene vile vile, hamtembelei tena. Mumewe, ambaye si mtu mbaya, alimwuliza kwa sauti ya mzaha anajirembea nani. Nguo zake za zamani amezifunga kwenye gunia chini ya kitanda, hazitoi, kwa sababu anaogopa atazihitaji. Na chakula, ambacho kilikuwa kimemliwaza tangu alipofiwa na mamake, hakiko tena kumliwaza. Msiba ule alikutana nao upya, miaka tisa baadaye, akiwa na tumbo tupu. Tulizungumza habari hiyo kwa muda mrefu kuliko tulivyozungumza kuhusu presha, nikamwelekeza kwa mshauri nasaha. Ukiwa na huzuni isiyoisha kwa majuma mawili au zaidi, huna usingizi na hakuna kinachokufurahisha, hiyo ni sababu tosha ya kumwona daktari, hata kama mizani inakupendeza.

Hali kadhalika kuna kinyume chake, nacho kinanisumbua zaidi. Mwanamume mmoja alipoteza kilo 12 pasipo kujaribu, na wenzake wakampongeza kwa kuondoa kitambi. Hakuna aliyemwuliza kwa nini anabeba chupa ya maji kila aendako na kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo. Alikuwa na kisukari, akaletwa hospitalini akiwa karibu kuzirai. Ukipungua zaidi ya asilimia tano ya uzani wako katika miezi sita hadi 12 bila kukusudia, yaani kilo nne kwa mtu wa kilo 80, nenda upimwe. Yaweza kuwa kisukari, kifua kikuu, tezi ya shingo, saratani, virusi au huzuni. Mengi ya hayo hutibika yakigunduliwa mapema.

Najua utaniuliza kuhusu sindano za kukondesha. Zinafanya kazi: katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, waliodungwa semaglutidi kwa majuma 68 walipungua takriban asilimia 15. Walioziacha walirudisha theluthi mbili ya kilo zile ndani ya mwaka mmoja. Ni dawa ya daktari, haifai kununuliwa kwa mtu wa mtandaoni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sindano bandia za aina hiyo.

Mama yule alikwenda mkutanoni bila barua. Alisimama akasema anataka kula na wenzake kutoka sahani zile zile, na asiyetaka amwambie hapo hapo. Aliniambia kulikuwa na kimya, halafu mweka hazina akasema ajenda iendelee. Sahani ya kando haikuonekana tena, lakini yule rafiki yake aliyeiosha bado hawasalimiani.

Alikuja tena mwezi uliopita. Sasa anameza nusu ya kidonge kimoja tu. Nilimpima presha kwanza, akiwa ameketi na kisha akiwa amesimama: 122 kwa 78, bila kizunguzungu. Ndipo tukaenda kwenye mizani. Ilisoma kilo 82. Alinitazama kama mwanafunzi aliyeanguka mtihani. Nilimwuliza bado anatembea jioni? Akasema mvua imeanza na taa za barabara ile zimezimika, anaogopa kupita peke yake. Tukakaa kupanga ni saa ngapi nyingine angeweza kutembea.